Mwaramutse: Shukrani Isiyoficha Machozi

Maandishi ya kipindi cha asubuhi kwa wasikilizaji walioko kambini. Mazungumzo haya yamerekodiwa Kigobe, Bujumbura. Vikundi vya kusikiliza vinaweza kuyasoma kwa sauti, kisha kuzungumza juu ya maswali yaliyo mwishoni.

(Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.)

Wapendwa wasikilizaji, mmeamkaje?

Ninyi mlioko Musasa na Gasorwe, ninyi wa Kavumu, wa Nyankanda, wa Musenyi, na nyumbani kwangu Bwagiriza, nawasalimu wote. Nawasalimu akina mama mlio kwenye foleni ya maji na redio ya jirani inasikika kwa mbali. Nawasalimu wazee wetu mnaoiweka redio karibu kabisa na sikio. Nawasalimu vijana mnaosikiliza kwenye simu mkihesabu moto uliobaki ndani.

Mimi ni dada yenu wa Bwagiriza, yule yule mnayemsikia kila juma. Lakini leo siko Bwagiriza. Nimepewa kibali cha kutoka kambini kwa siku nne, nimekuja kurekodi hapa Kigobe, ndani ya mji wa Bujumbura. Tulitoka Ruyigi alfajiri, tukapita Gitega, tukapanda Muramvya mpaka Bugarama, kule kwenye baridi na ukungu ambako wanauza karoti na kabichi kandokando ya barabara. Kutoka Bugarama ni kushuka tu, kona baada ya kona, masikio yanaziba, mpaka unauona mji na ziwa Tanganyika mbele yako.

Kwa wasiopajua, Kigobe ni mtaa wa nyumba kubwa zenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Huku ndiko liliko jumba ambamo Bunge la Burundi hukutana. Siyo mtaa wetu sisi wakimbizi. Lakini usiku wa kwanza mvua ilinyesha, na asubuhi anga likawa safi. Nikasimama nje, nikatazama upande wa magharibi. Wapendwa, niliiona milima yetu. Ng'ambo ya ziwa, juu ya Uvira, milima ya Congo ilikuwa imesimama kama vile mtu ameisogeza usiku. Nilitoka kule nikiwa mtoto wa miaka minane. Sijarudi.

Nilishukuru? Nitawaambia ukweli. Nililia.

(Kimya kifupi.)

Nimewaambia hayo kwa sababu ya karatasi moja niliyokuja nayo kwenye mfuko. Nilipewa kabla ya kupanda gari. Imeandikwa na kijana kwa niaba ya mama yake, mmoja wa wale waliovuka kuja Burundi mwezi wa pili mwaka 2025. Mnakumbuka siku zile. Makumi ya maelfu ya ndugu zetu walikimbia vita ya Kivu ya Kusini, wengi wakapitia mto Rusizi, wakalala uwanjani Rugombo, kule Cibitoke, mvua ikiwanyeshea. Baadaye wengi wakapelekwa Musenyi.

Mama huyo anasema hivi: Jumapili mchungaji alituhubiria tushukuru kwa kila jambo. Mume wangu alibaki kwenye maji ya Rusizi. Posho imepunguzwa. Watoto wananiuliza baba yao. Ninyi wa redio, niambieni, nishukuru nini?

Mama, nimelisoma swali lako mara nyingi. Sina mamlaka ya kukujibu kama mchungaji. Nimemaliza sekondari tu, na Biblia naisoma kama unavyoisoma wewe. Lakini uliuliza, na ukimya siyo jibu. Kwa hiyo nitakujibu nilivyoelewa mimi.

La kwanza ni hili: sitakuambia ushukuru kwa ajili ya Rusizi. Mto uliokunyang'anya mume siyo zawadi. Vita siyo zawadi. Njaa ya mtoto siyo zawadi. Ukikutana na mtu anayekutaka uyaite mabaya kuwa mema ili uonekane una imani, mwambie polepole kwamba hata Yesu hakufanya hivyo.

Fungueni Injili ya Yohana sura ya 11. Yesu anafika Bethania, rafiki yake Lazaro yuko kaburini siku nne. Martha anamlaumu, anamwambia kwamba kama angefika mapema, ndugu yake asingekufa. Mariamu naye anamwambia hivyo hivyo. Yesu hakuwakemea hata mmoja. Hakuwaambia washukuru. Alipowaona wanalia, naye akalia. Ndipo baadaye, palepale mbele ya kaburi, akainua macho akamshukuru Baba.

Angalieni mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja. Machozi na shukrani zilikuwa mahali pamoja, siku moja, kwenye uso mmoja. Shukrani haikuja kuyafuta machozi. Na machozi hayakuifanya shukrani kuwa ya uongo.

Sisi watu wa Kivu tunalijua jambo hili tangu zamani, hata kama hatulisemi. Tazameni majina tunayowapa watoto. Katika safu moja ya nyumba pale kambini utamkuta Furaha, utamkuta Machozi, utamkuta Shukuru, utamkuta Mateso. Mara nyingine Mateso na Shukuru ni watoto wa tumbo moja. Mama yao alimpa mmoja jina la siku alizopitia, akampa mwingine jina la siku alizovuka. Hakuona aibu kwa jina lolote kati ya hayo mawili.

Warundi waliotupokea nao wako hivyo hivyo. Wengi wenu mna majirani wanaoitwa Nshimirimana, maana yake namshukuru Mungu. Lakini Kirundi hicho hicho kina jina Nzikobanyanka, maana yake najua wananichukia. Wazazi walilisema wazi, wakalipeleka mpaka kwenye ubatizo, na Mungu alilipokea.

Kwa hiyo, mama, anza na Mateso kama leo ndiyo unayoyaona. Usiruke. Yataje mbele za Mungu kwa jina lake.

(Muziki mfupi.)

La pili. Kama hatushukuru kwa ajili ya mabaya, basi tunashukuru kwa ajili ya nini?

Hapa nitawaeleza deni langu. Sijawahi kulisema redioni.

Siku tuliyovuka, mimi na mama na mdogo wangu, tuliingia Burundi kwa upande wa Gatumba. Mdogo wangu alikuwa na homa kali, anatetemeka. Mama alikuwa amembeba mgongoni tangu usiku na miguu yake ilikuwa imevimba. Watu walikuwa wengi barabarani, kila mmoja na mzigo wake. Akaja mtu wa baiskeli, mmoja wa wale wanaobeba abiria na mizigo kati ya mpaka na mji. Akamtazama mama, akashusha magunia yake mawili ya mkaa, akayaacha kwa mtu kando ya njia. Akamweka mdogo wangu mbele, mimi nyuma. Mama akatembea pembeni ameshika kiti. Alitufikisha kwenye kituo cha afya. Mama alitaka kumpa kitenge chake, maana hatukuwa na kitu kingine. Akakataa. Akapanda baiskeli, akarudi kuyafuata magunia yake.

Mdogo wangu alipona. Sasa ana ndevu.

Yule mtu hatukumwuliza jina. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikishukuru kanisani, nikisema asante Bwana kwa ulinzi wako, asante kwa wema wako. Maneno mazuri. Lakini yule mtu na baiskeli yake sikumtaja hata mara moja. Kama vile ulinzi ulikuja hewani, hauna mikono, haukuacha magunia yake njiani.

Mnakumbuka wale wakoma kumi katika Luka sura ya 17? Yesu aliwakuta akiwa safarini, kwenye mpaka wa Samaria na Galilaya. Mpakani, wapendwa. Watu wasiotakiwa kijijini walikuwa wanakaa mpakani. Wote kumi waliponywa. Mmoja tu alirudi, na huyo alikuwa Msamaria, mgeni. Wale tisa hawakunyang'anywa uzima wao. Walipona kweli. Lakini walipokea kitu wakaenda zao, na yule mmoja alipokea kitu akarudi kumtafuta aliyempa.

Mimi nilikuwa kati ya wale tisa. Nilipona nikaenda zangu.

Basi shukrani, kwa nilivyoelewa, siyo hisia nzuri moyoni. Kuna siku hisia hiyo haipo kabisa. Shukrani ni kurudi. Ni kugeuka njiani na kumtafuta aliyekutendea, na kulisema jambo lenyewe alilotenda: ulishusha magunia yako, ulimbeba mdogo wangu. Mungu hapungukiwi kitu ukiwataja watu aliowatumia.

(Kimya kifupi.)

Nikasema moyoni, sasa niko Bujumbura, Gatumba haiko mbali. Nitakwenda kumtafuta.

Nyumba tunayorekodia hapa Kigobe ina mzee wa zamu, analinda geti usiku. Kila asubuhi, kabla sijafungua mlango vizuri, namsikia anasalimu kila mtu apitaye: Mwaramutse! Mnalijua neno hilo. Sisi tunalitumia kama habari za asubuhi tu. Lakini lisikilizeni vizuri. Ndani yake mna habari ya kuamka, sawasawa na sisi tunavyosema mmeamkaje. Umelala usiku, na umeamka. Ni salamu ya watu wanaojua kwamba siyo kila anayelala huamka.

Nikamwuliza: Mzee, ukitaka kumpata mtu wa baiskeli aliyekuwa akifanya kazi barabara ya Gatumba miaka ile, unaanzia wapi?

Akacheka kidogo. Akaniambia: Binti yangu, mimi mwenyewe ni mtu wa Gatumba. Nyumba yangu imeingiwa na maji.

Wengi mmesikia habari hizi. Tangu mwaka 2020 maji ya Rusizi na ya ziwa yamekuwa yakiingia Gatumba mara kwa mara, na watu wengi wamehama nyumba zao. Mzee akanieleza jinsi ukuta wa matofali mabichi unavyolainika kwa chini, siku mbili, tatu, kisha unakaa chini kama mtu aliyechoka. Watu wa barabara ile, akasema, wengine wako kwenye mahema, wengine wamepanga mjini, wengine hajui walikokwenda.

Nikanyamaza. Watu waliotupokea sisi tulipokimbia, nao wamekimbia maji. Mtu wangu wa baiskeli huenda usiku huu analala chini ya hema kama nilivyolala mimi.

Nikamweleza mzee habari yote, magunia, homa, kitenge. Nikamwambia: Kwa kuwa siwezi kumpata, nakushukuru wewe badala yake. Akasema: Lakini mimi sikukubeba. Nikasema: Najua. Akafikiri kidogo, kisha akasema: Haya, nimepokea. Nikikutana naye nitamfikishia.

Nikamwuliza kama yeye anamshukuru Mungu, na nyumba imeanguka. Akasema mvua ikianza anaichukia, analala macho wazi akiwaza watoto wake. Na kukicha anasema mwaramutse. Hakuongeza neno. Akaenda kufagia majani ya embe getini.

(Muziki mfupi.)

La tatu, na ndilo la mwisho. Mara nyingi tunaomba Mungu atufanye upya. Tunaimba hivyo, tunafunga na kuomba. Kwetu kambini neno upya lina maana nyingine pia: maisha mapya Marekani au Canada, jina kwenye orodha ya safari. Si vibaya kulitumaini hilo. Mimi pia natumaini. Lakini siku zinapita, na wengine tunaanza kuishi kama watu waliokaa stendi, hatupandi hata mchicha kwa sababu tunasema tutaondoka.

Kitabu cha Maombolezo kiliandikwa juu ya mji uliobomolewa, watu wake wamechukuliwa mateka, watoto wanalia njaa. Kina sura tano za kilio. Katikati kabisa, sura ya tatu, mwandishi anasema rehema za Mungu huja mpya kila kukicha. Hakusema baada ya vita kwisha, wala baada ya kurudi nyumbani. Alisema kila asubuhi. Kisha anaendelea kulia, sura ya nne, sura ya tano. Upya aliouona ulimtosha siku moja, na kesho yake alihitaji mwingine.

Ni kama nyumba zetu za udongo. Mvua ikipita, ukuta unapasuka. Unachanganya udongo, unapaka. Mvua ijayo unapaka tena. Hakuna anayesema kazi ya mwaka jana ilikuwa bure. Watoto walilala pakavu.

Na upya wa kweli unaonekana kwa jirani. Wazee wa makanisa yetu wanasimulia habari za ule uamsho wa miaka ya 1930, uliowaka Gahini nchini Rwanda na Uganda, ukaingia Burundi, ukafika Kenya na Tanganyika. Watu waliosema wamefanywa upya walisimama mbele ya wenzao wakataja makosa yao, na wengine wakarudisha vitu walivyokuwa wameiba. Ukirudishiwa jembe lako lililopotea, huhitaji kuhubiriwa kwamba huyu mtu amebadilika. Unalishika mkononi.

Mimi deni langu siwezi kulirudisha Gatumba. Lakini nikirudi Bwagiriza nitawakuta watu waliofika juzi. Kuna mama hajui foleni ya zahanati inaanzia wapi, hajui Kifaransa wala Kirundi. Mimi nakijua Kirundi. Siku ya Jumanne sina kipindi. Nitakwenda kukaa naye kwenye benchi la zahanati, nimtafsirie. Hayo ndiyo magunia yangu ya kushusha.

Mama uliyeniandikia, narudi kwako. Uliuliza, nishukuru nini? Sitakuchagulia. Lakini naomba ukae usiku mmoja na swali dogo zaidi: Siku ile ya Rusizi, baada ya maji, ni nani alikushika mkono? Ni nani alikupa nguo kavu, au kipande cha muhogo, au alimbeba mtoto? Huyo mtu ana jina. Kama hulijui, unamkumbuka sura. Mlilie mume wako mbele za Mungu, kwa sauti, usizuie. Na ukimaliza, ukiweza, mtaje huyo mtu. Usipoweza kesho, siyo dhambi. Asubuhi itakuja nyingine.

Ndugu zetu Waislamu mnaotusikiliza, nimesema kwa Biblia kwa kuwa ndicho nilicholelewa nacho. Najua neno shukrani mnalo tangu utotoni. Lifanyieni kazi nasi.

Kabla sijaaga, nina salamu moja. Baba wa baiskeli wa barabara ya Gatumba, popote ulipo, kwenye hema au kwenye nyumba, kama redio hii inakufikia: ulishusha magunia mawili ya mkaa, ukawabeba watoto wawili wa Congo. Yule aliyekuwa na homa alipona. Mimi ndiye niliyekaa nyuma. Murakoze cane, baba. Nimechelewa, lakini nimerudi.

Tuombe. Bwana, wewe uliyelia kwa rafiki yako, pokea kilio cha wanaosikiliza asubuhi hii. Wakumbuke walioshusha mizigo yao kwa ajili yetu. Tupe leo upya wa leo, na utuonyeshe mtu mmoja wa kumrudia. Amina.

Wapendwa, mwaramutse. Tukutane juma lijalo, Mungu akitujalia kuamka.

(Muziki wa kufungia.)

Maswali ya kikundi

1. Je, umewahi kuambiwa ushukuru wakati ulipohitaji kulia? Ulijisikiaje? Mtu angeweza kukuambia nini kilicho bora zaidi?

2. Siku uliyokimbia, ni nani aliyekusaidia? Alifanya jambo gani hasa? Lieleze kwa wenzako bila kulifupisha.

3. Kati ya wageni waliofika karibuni kambini kwenu, ni nani anahitaji kitu unachoweza kukifanya juma hili bila kuwa na fedha?

4. Kiongozi wa kikundi: mtu akilia wakati wa kujibu, msimharakishe na msimhubirie. Kaeni naye. Kama anahitaji msaada zaidi, mwende pamoja kwa wahudumu wa ushauri nasaha walioko kambini.